Re: Bia nyeusi zote si kitu kimoja?

Salaam mkuu. Umeuliza kwa nini Guinness ni chungu na Castle Milk Stout ni tamu, ilhali zote ni stauti na zote nyeusi.

Anza kwa kuangalia lebo kama kuna laktosi. Hiyo ni sukari ya maziwa. Hamira ya bia haiwezi kuila, kwa hiyo inabaki kwenye chupa na kuleta utamu na uzito mdomoni. Guinness haina. Uchungu wake mkavu, ule wa kahawa isiyo na sukari, unatokana na shayiri iliyokaangwa bila kuoteshwa kwanza kuwa kimea, pamoja na hopsi, yaani maua machungu yanayotiwa kwenye bia.

Porta, aina nyingine ya bia nyeusi, ndiyo mzazi wa stauti, ilianzia London karne ya 18. Kwa kawaida ina ladha ya chokoleti kuliko ya kuungua, lakini mpaka kati yake na stauti hauko wazi hata kwa watengenezaji wenyewe.

Za Kijerumani, dunkel na schwarzbier, ni laga. Hamira yake hufanya kazi kwenye baridi, hivyo bia inatoka nyepesi: dunkel ina ladha ya ganda la mkate, schwarzbier ni kavu zaidi.

Rangi isikudanganye kuhusu ukali. Guinness ya pipa ina alkoholi asilimia 4.2, sawa na Tusker. Ya chupa aina ya Foreign Extra ni kali zaidi, soma lebo.

Ukitaka kulinganisha, zitoe kwenye friji dakika 15 kabla. Baridi kali inaua ladha.