Mbona kenge hana masikio kama ya pimbi?

SWALI: Ndugu Mhariri, tulipowapeleka watoto katika Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, tuliwaona pimbi na kenge wakiota jua kwenye miamba. Pimbi ana masikio, kenge ana tundu tu, na ndege hata hilo tundu halionekani. Je, hawa wengine husikia? Na kwa nini wametofautiana hivyo? (Msomaji, Nyamagana, Mwanza)

JIBU: Ndugu msomaji, wote husikia. Anachokosa kenge ni ule mkunjo wa ngozi na gegedu unaochomoza nje. Kiwambo, yaani utando mwembamba unaotetemeka sauti inapoufikia, na viungo vya ndani anavyo, na ukimsogelea, jambo ambalo sikushauri, utakiona kiwambo hicho nyuma ya jicho. Tundu la ndege limefunikwa na manyoya.

Sababu kubwa imo katika sauti zenyewe. Sauti husafiri kwa mawimbi, na kitu kilicho kidogo mno kuliko wimbi hakiwezi kulizuia wala kulipinda. Sauti ya mitetemo 1,000 kwa sekunde ina wimbi lenye urefu wa takriban sentimita 34 hewani, hivyo hulipita sikio la pimbi kana kwamba halipo. Ile ya mitetemo 10,000 ina sentimita 3.4 tu, nayo hugongana na mikunjo ya sikio na kubadilika kidogo kulingana na upande inakotoka, ubongo ukatambua kama imetoka juu, chini, mbele au nyuma. Sikio la nje, basi, humfaa hasa mnyama anayesikia sauti nyembamba, yaani zenye mitetemo mingi.

Mnyama huyo ni mamalia. Ndani ya sikio lake mna vifupa vitatu, na viwili kati yake vilikuwa sehemu ya kiungo cha taya katika mababu zake wa kale, ilhali kenge, mamba na ndege wana kimoja tu. Panya na popo husikia sauti zinazopita kwa mbali kikomo cha binadamu, ambacho ni takriban mitetemo 20,000. Ndege wengi huishia karibu na 10,000. Hata hivyo, platipasi wa Australia, ambaye ukoo wake ulijitenga mapema na mamalia wengine, ana vifupa vitatu lakini hana sikio la nje, na kwangu huo ni ushahidi mzuri kwamba mambo haya hayakuja kwa mkupuo mmoja.

Bundi alipata njia yake: manyoya ya uso wake hukusanya sauti, na kwa babewana, ambaye ni aina ya bundi, tundu moja la sikio liko juu kuliko la pili. Vile vishungi vinavyosimama kichwani mwa baadhi ya bundi si masikio hata kidogo.

Mamalia wengine wameyapunguza au kuyapoteza. Fuko huishi ardhini, ambako masikio yangemkwaza na kujaa udongo; kiboko ana madogo, naye huyafunga anapozama.

Kuhusu sato na sangara wa ziwani, mwili wa samaki una uzito unaokaribiana na wa maji, kwa hiyo sauti humpenya moja kwa moja. Ndani ya kichwa mna vijiwe vizito vinavyochelewa kutikisika pamoja na mwili, na tofauti hiyo ndiyo inayosisimua vinyweleo vya kusikia. Sikio la nje lisingemwongezea usikivu, na lingempunguzia kasi.