Mpe Mwigizaji Nafasi Ambayo Kabila Lake Halikumpa

Kijana mmoja wa Kayole, hapa Nairobi, ameniandikia. Ana kikundi cha maigizo, ana hadithi, ana mahali pa kufanyia mazoezi, na waigizaji wake ni mchanganyiko: Wakikuyu, Waluo, Wakamba, Wasomali wawili na dada mmoja aliyetoka Burundi. Swali lake lilikuwa hili: "Nigawe nafasi vipi ndio kila kabila liridhike?"

Nilimjibu kwa maneno matatu: usigawe kwa kabila. Akauliza kama amenikasirisha. La, ila mimi na swali hilo tunajuana kitambo. Kwa hivyo leo nimeketi niandike kwa kirefu, na wewe unayetembea na skripti kwenye begi ukiota siku bango la kikundi chako litakapobandikwa pale National Theatre, soma ukijua nakusema na wewe.

Kikundi chetu hufanya mazoezi katika ukumbi wa jamii huku Eastlands. Majuzi tumemaliza kuonyesha mchezo uliojaza viti hadi watu wakasimama mlangoni, na nasema hivyo bila aibu kwa sababu wapo waliotuambia hautajaza hata safu ya mbele. Hadithi yenyewe ni ndogo. Ploti moja ya nyumba za kupanga, mfereji mmoja, maji yamekatika, na keateka, yaani mwangalizi wa ploti, ndiye mwenye ufunguo wa tangi. Wapangaji wanaanza kuonyeshana rangi zao. Basi.

Kabla ya mchezo huo kuna shirika lililotaka kutupa pesa. Walitaka mchezo wa amani: Mkikuyu, Mluo, Mkalenjin na mtu wa Pwani, kila mmoja amevaa mavazi ya kwao, wagombane katikati na wapeane mikono mwishoni. Tangu ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 tumecheza michezo ya aina hiyo hadi ikatuchosha sisi wenyewe. Mimi nimewahi kusimama jukwaani nikiwa nimevaa ngozi ambayo babu yangu hakuwahi kuivaa, maana yeye alikuwa karani wa reli na alivaa suti mpaka siku ya kuzikwa. Niliwaambia wale wafadhili kwamba waigizaji wangu hawakuja kuhesabiwa, walikuja kuigiza. Pesa zikaenda kwingine. Sitakudanganya kwamba haikuniuma. Zingetununulia taa za jukwaa, na hadi leo tunakodi.

Ubaya wa mpango huo ni kwamba mwigizaji anamaliza kazi yake kabla hajafungua mdomo. Akitokea tu, watazamaji wameshajua yeye ni nani, atasema nini na watamcheka wapi. Vichekesho vya mji huu vimetuzoesha vibaya: Mluhya ni askari wa getini, Mkikuyu anahesabu pesa, Mluo anaringa, Mkamba ana dawa ya kumnasa mume, Mhindi ana duka, Msomali ana duka kubwa zaidi. Unaweza kuandika mchezo mzima hivyo kwa usiku mmoja, na watu watacheka. Lakini usiuite mchezo wa kuwaleta watu pamoja.

Sisi tulifanya kinyume. Dada mmoja Msomali wa Eastleigh, mpole ajabu ukikutana naye nje, tulimpa nafasi ya keateka. Ndiye mwenye funguo, ndiye anayefoka, ndiye anayekula hongo ya mia mbili na bado anafunga tangi. Kwenye majaribio alisoma mistari ya kila mhusika, na ile ya keateka aliisoma kama amekuwa akiingoja maisha yake yote.

Hapo ndipo nilipoumizwa. Kuna mwongozaji mkongwe wa mji huu, mtu niliyembebea mizigo nilipokuwa naanza, niliyemwita mwalimu. Nilimwalika aje atazame mazoezi. Akatazama nusu saa, akanyanyuka, akasema mbele ya waigizaji wangu: "Keateka wa ploti ya Eastlands ni msichana wa Kisomali? Nani ataamini? Mpe duka." Kisha akacheka peke yake. Yule dada alikuwa ameshika funguo mkononi. Sikumjibu mzee yule kwa sababu nimelelewa nisimjibu mtu mzima mbele za watu, lakini sijamwalika tena, na hakuja tulipojaza. Kama unasoma haya, mwalimu, waliamini.

Na wewe kijana wa Kayole, jiandae, kwa sababu maneno kama hayo yatakuja, na yatatoka kwa watu unaowaheshimu.

Dada huyo alikuja na sharti. Mama yake alikubali aigize, ila hakutaka ashikwe mkono na mwanamume jukwaani, na alikuwa akija kwenye mazoezi mwenyewe, anaketi nyuma kabisa na thermosi yake. Skripti ilikuwa na sehemu ambapo mpangaji kijana anamkamata keateka mkono ili asifunge tangi. Wengine kikundini walinung'unika: sanaa ni sanaa, dini ibaki mlangoni. Mimi sikukubali, na sikubali hadi leo. Tulimpa yule kijana mtungi. Yeye akavuta upande huu, keateka akavuta upande ule, maji yakawamwagikia wote wawili miguuni. Ule ugomvi wa mtungi ukawa ndio sehemu iliyopigiwa makofi kuliko zote, na kushikana mkono kusingefika hata nusu yake. Mama mwenyewe siku ya onyesho alisimama kwenye kiti.

Sasa nikupe habari ya mzee wa Parklands, maana yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii.

Ni mhasibu mstaafu, Mhindi wa dini ya Kijaini, mzaliwa wa Nairobi. Alikuja kutazama mchezo wetu mmoja, akabaki kutusaidia kupanga viti, akauliza kama tuna nafasi ya mtu wa umri wake. Hupenda kujitambulisha kama "kabila la 44", kwa ile hatua ya serikali ya mwaka 2017 ya kuwatambua Wakenya wenye asili ya Asia. Kila mtu kikundini alitarajia nimfanye mwenye ploti. Nikampa mpangaji mwenye deni la kodi, ambaye lazima amwombe keateka mtungi mmoja wa maji kwa ajili ya mke mgonjwa.

Kiswahili anakijua. Lakini kila alipofika kwenye maombi yale, sentensi zilimtoka kama amri. Tulijaribu polepole, tukajaribu kwa sauti ya chini, tukajaribu akiwa ameketi. Bado amri. Mwisho mama mmoja wa Kariobangi, fundi wa kushona sare za shule na mwigizaji kuliko sisi wote, akamwambia: "Mzee wangu, bado hujaomba. Omba kama mtu anayeweza kunyimwa."

Mzee akavua miwani. Akasema Kiswahili chake chote amekitumia kuwaambia watu la kufanya: dereva, askari wa getini, msichana wa kazi. Hakumbuki siku aliyowahi kuomba kitu kwa lugha hiyo.

Unaona? Hakuna warsha ya utangamano ambayo ingelitoa neno hilo. Lilitoka kwa sababu nafasi aliyopewa haikuwa ya kabila lake. Ningempa duka, angeagiza vizuri sana na sote tungeenda nyumbani bila kujua lolote.

Mama wa Kariobangi akampa kazi ya nyumbani: aende akamwombe askari wa getini kwake amwazime kalamu, aombe kweli, kisha arudi atueleze. Hatujui walisemezana nini, kwa maana mzee hakueleza, lakini mazoezi yaliyofuata alikuja na sauti nyingine. Siku ya onyesho, alipofungua mdomo mara ya kwanza, ukumbi ulicheka, kwa sababu sauti ya Mhindi jukwaani imekuwa kichekesho hata kabla ya maneno. Alipoomba mara ya pili, kicheko kilikuwa kimekufa. Mara ya tatu mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Mpe maji bana!" Nimeongoza michezo mingi, na sikuwahi kusikia sauti iliyonifurahisha kama hiyo.

Kwa hivyo ushauri wangu wa kwanza, wa pili na wa tatu ni huo mmoja: mpe mtu nafasi ambayo hakuna anayemtarajia aipate. Kisha mwachie lafudhi yake. Usimfundishe Mkongo kuzungumza kama mtu wa Buruburu. Tunaye mmoja wetu anayetoka Bukavu, aliyesema "batoto" kila skripti ilipoandika "watoto", na nilikataa asahihishwe. Ploti za Kasarani zimejaa watu wanaosema hivyo, na hakuna anayeuliza maana yake. Kinachokatazwa kwetu ni mtu kuvaa lafudhi ya mwenzake ili achekwe. Hilo nimelipigia marufuku, na aliyeshindwa alienda kutafuta kikundi kingine. Huko waendako wanachekwa, na wanalipwa, sikatai.

Waachie pia waguse skripti. Wasanii wengi wa Nairobi hupenda kulitaja jina la kijiji cha Kamirithu, hasa mikutanoni, lakini husahau kazi iliyofanyika pale. Mwaka 1977 huko Limuru, wanakijiji walijenga jukwaa lao la wazi, na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii walipowaletea mchezo wa Ngaahika Ndeenda (Nitaolewa Nikitaka), wenyeji waliusahihisha. Wazee walirekebisha lugha, wafanyakazi wa viwandani na wa mashamba ya chai wakaeleza maisha yao yalivyo hasa. Novemba mwaka huohuo serikali ikafuta kibali cha mchezo, na mwaka ulipokuwa ukiisha Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini. Wale walikuwa na lugha moja, Kikuyu, na bado mwandishi alihitaji kusahihishwa. Wewe una watu wa lugha tano na unataka skripti yako isiguswe hata nukta?

Mama yule wa sare za shule ndiye aliyetuambia kwamba wapangaji hawapigi kelele maji yanapokatika. Wanapiga kelele yanaporudi, wakati wa kupanga foleni ya mitungi. Tuliandika upya sehemu yote ya pili.

Mambo ya ratiba nitayapitia haraka kwa sababu hayana utamu. Ijumaa mchana kuna swala. Jumamosi Wasabato hawaji. Jumapili asubuhi wengine wako kanisani, na ukumbi wenyewe umekodishwa na kanisa. Ikabaki Jumapili kuanzia saa nane, spika za kanisa zikishatolewa. Mwezi wa Ramadhani tulihakikisha mazoezi yamekwisha mapema ili wanaofunga wafike nyumbani kabla ya saa kumi na mbili na nusu za kufuturu. Na hata siku za kawaida usiwaachilie watu usiku, maana nauli hupanda, na mwigizaji aliye mkimbizi akisimamishwa na askari gizani, karatasi zake huwa na maswali mengi kuliko zako.

Chakula: chapati madondo. Nyama ilituletea mjadala wa nani kachinja, tukaiacha. Mzee wa Parklands, kwa dini yake, hali vitunguu wala viazi, kwa hiyo madondo yake huchotwa kabla ya vitunguu kuingia. Ni sufuria ndogo ya pembeni, haigharimu kitu.

Na fomu ya kujiunga isiwe na mahali pa kujaza kabila. Uliza vitu vinavyokusaidia: anazungumza lugha zipi, siku gani hawezi kuja, hali nini, lazima awe nyumbani saa ngapi, kuna jambo gani hataki kulifanya jukwaani. Ukiwa na majibu hayo unaweza kuongoza watu. Ukiwa na kabila tu, una orodha ya wapiga kura.

Jambo la mwisho ni pesa za mlangoni, na hapa vikundi vingi vya mitaani hufia. Tiketi yetu ilikuwa shilingi 300. Kwanza tulitoa nauli ya kila mtu kulingana na anakotoka, kisha ukumbi na taa, kisha kilichobaki kikagawanywa sawa, aliyekuwa na mistari miwili na aliyebeba mchezo mzima. Mzee wa Parklands akanirudishia fungu lake, akisema liende kwenye kikundi, yeye hana shida. Nilikataa. Nilimwambia kwamba akiigiza bure na wenzake wakilipwa, basi kuanzia siku hiyo yeye ni mfadhili wetu, na mimi nilikuwa natafuta mwigizaji. Alibishana kidogo, akachukua.

Tuma M-Pesa usiku huohuo, watu wakiwa bado ukumbini wanavua maleba, kisha bandika hesabu kwenye grupu hata kama hakuna aliyeiomba.