Mzee akikoroma, isikilize pumzi yake

*Daktari, baba ana miaka 71. Anameza dawa tatu za presha na haishuki. Usiku hukoroma, hunyamaza, kisha hugutuka kama aliyekabwa. Mama asema ni jinamizi. Tumwite mwalimu amsomee? (Langoni, Lamu)*

Msomeeni, kisomo ni baraka. Lakini kimya kile ndicho ugonjwa wenyewe, wa pumzi kukatika usingizini (kwa Kiingereza, sleep apnea). Koo hulegea, njia ya hewa huziba, pumzi hukatika sekunde 10 au zaidi. Kwa aliyezidiwa, mara 30 na kuendelea katika saa moja. Kila ikikatika, mwili hugutuka na presha hupanda, usiku uleule ambao ingepaswa kushuka. Huenda ndiyo maana dawa tatu zinashindwa. Ugonjwa huu huandamana pia na moyo kupiga ovyo na kiharusi.

Shahidi wenu ni mama, maana baba hajui lolote amelala. Amrekodi kwa simu dakika chache, wamwoneshe daktari, waulizie kipimo cha usingizi, cha kufuatilia pumzi akiwa amelala. Wakijibiwa "ni uzee tu", wasiondoke. Neno hilo limenichosha. Mzee anasinzia barazani huku anazungumzishwa: uzee. Anaamka mara nne kwenda haja ndogo: uzee. Umri huongeza hatari, kweli, na kwa hiyo ndiyo apimwe mapema.

*Babu halali vizuri. Nimnunulie valiamu dukani? (Maweni, Malindi)*

Hapana. Swali hili nimelijibu mara nyingi na bado linarudi. Dawa za usingizi hulegeza koo zaidi na huchelewesha ule mgutuko unaomrudishia pumzi. Pombe hufanya vivyo hivyo. Muuzaji anayekupa vidonge hivyo bila cheti cha daktari hakutakii mema, hata akiwa jirani yako.

*Mimi ni mwembamba. Naweza kuupata ugonjwa huu wa pumzi?*

Unaweza.

*Mama, miaka 68, aliwahi kupata mshtuko wa moyo. Sasa kapewa mashine ya kusukuma hewa kwa barakoa. Itamkinga moyo? (Mkomani, Lamu)*

Nakwambia ukweli ulivyo. Mwaka 2016 yalitoka matokeo ya utafiti wa watu 2,717 wa miaka 45 hadi 75, wenye ugonjwa huu pamoja na maradhi ya moyo au ya mishipa ya ubongo. Mashine haikuwapunguzia mishtuko ya moyo wala viharusi. Usinzi wa mchana ulipungua, na hali ya moyoni, ya furaha na huzuni, ikawa nafuu. Lakini walikuwa wakiivaa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku, na mtu hulala zaidi ya hapo.

Basi mama aivae usiku kucha, hata akijinyoosha adhuhuri. Wengi huiacha kwa sababu barakoa inabana au inavuja, abadilishiwe, asivumilie. Na dawa za presha asiziache! Mashine huteremsha namba ya presha kwa 2 au 3 hivi, haichukui nafasi ya vidonge. Kama ina kikombe cha maji, msitie ya kisima, chumvi yake itaacha ukoko.

*Umeme ukikatika usiku je? (Shela)*

Avue barakoa, alale ubavu, kichwa kikiwa juu kidogo. Chali asilale. Mkiweza, nunueni betri inayofaa mashine hiyo.

*Moyo wangu umetanuka na hausukumi vizuri. Mpwa wangu kaniletea mashine iliyotumika kutoka Dubai, asema inajirekebisha yenyewe. Nianze? (Barani, Malindi)*

Usiianze, mzee wangu. Kwa wenye moyo dhaifu, mara nyingine koo halizibi hata kidogo; ubongo ndio unaoacha kuagiza pumzi. Kuna aina ya mashine zinazojirekebisha ambayo utafiti wa 2015 uliikuta ikiongeza vifo vya moyo kwa wagonjwa wa namna hiyo hasa. Mpwa wako kakupenda, mshukuru. Mashine ikae kabatini mpaka daktari wa moyo apate kipimo chako cha usingizi mkononi na aione ni ya aina gani.