Jibu kwa yaya aliyeuliza kuhusu binti yake na mavazi ya makumbusho
Yaya, unauliza kama binti yako lazima ajue kushona ndipo atunze mavazi makumbushoni. Hapana. Valerie Steele, aliyeshika uongozi wa makumbusho ya FIT, chuo cha mitindo ya mavazi kule New York, mwaka 2003, alisoma historia hadi udaktari pale Yale. Kushona kunasaidia, maana mshono hutaja umri wa nguo, ila kazi kubwa ni kuchunguza na kuandika (na kupigana na nondo!).

Hapa Lubumbashi aanzie sandukuni mwa nkambo wake. Kila kikwembe aandike kilinunuliwa wapi, lini, kilivaliwa arusi ya nani. Asome jina la kiwanda kwenye pindo: Vlisco, kwa mfano, ni kiwanda cha vikwembe cha Helmond, Uholanzi, tangu 1846. Na asivianike juani, rangi itakwisha.