Jibu: Modeli ya pumu ina asilimia 95 lakini haiwaoni watoto wanaozidiwa

Salama mkuu. Umesema modeli yako (programu inayojifunza kutoka kwenye data) ya kutabiri ukali wa pumu kwa watoto ina usahihi wa asilimia 95, ila wanaozidiwa inawapita. Anza kwa kuhesabu data: kama watoto 95 kati ya 100 wana pumu nyepesi, modeli ikijibu "nyepesi" kila mara imeshafika hapo. Tazama imewanasa wangapi kati ya wale 5.

Halafu kagua safuwima ya dawa. Mimi nilishangilia modeli yangu wiki nzima, kumbe vidonge vya prednisoloni (dawa ya kutuliza pumu ikizidi) viliandikwa baada ya mtoto kubanwa kifua. Modeli ilikuwa inachungulia jibu! Kipimo cha kupuliza (cha kupima pumzi) nacho, wengi walio chini ya miaka 5 hawakiwezi, kwa hiyo nafasi zilizo tupu usizijaze wastani ovyo. Nani ahesabiwe kuwa na pumu "kali", muulize daktari wa watoto.