Nimekuta jina langu kwenye chama nisichokijua

Swali: Wakili, nataka kugombea uwakilishi wadi mwaka 2027 kama mgombea huru. Nilipoangalia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, nimekuta mimi ni mwanachama wa chama ambacho hata nembo yake siijui. Kijana wa saiba, duka la intaneti, anataka shilingi 3,000 anifute. Nimlipe? Nikishinda nitahamia chama kikubwa. Vyama si ni kama magari ya matatu tu, unapanda linaloenda kwako? *Msomaji, Kilifi.*

Jibu: Usimlipe hata ndururu. Andika barua ya kujiuzulu, ipeleke chamani na kwa Msajili wa Vyama vya Siasa, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Fanya hivyo leo. Uchaguzi ni 10 Agosti 2027, na mgombea huru hatakiwi kuwa mwanachama wa chama chochote katika miezi mitatu kabla ya siku hiyo.

Jina lako halikufika huko kwa bahati mbaya. Sheria inadai chama kiwe na wapiga kura 1,000 katika kila kaunti, kwa zaidi ya nusu ya kaunti 47. Hao ni watu 24,000 kwa uchache. Chama kisicho na watu kitafanyaje? Kinaokota majina. Nimewahi kushika fomu yenye majina thelathini, kalamu moja, mwandiko mmoja, na saini zote zimelalia upande mmoja kama nyasi za ufukweni.

Ila kilichonikera ni hayo ya matatu. Kila wiki naambiwa hivyo, tena na watu waliosoma! Soma Kifungu cha 194 cha Katiba. Aliyeingia Bunge la Kaunti kama mgombea huru akijiunga na chama, kiti kinabaki wazi. Aliyeingia kwa chama akijiuzulu chamani, vilevile. Matatu gani hiyo ambayo ukishuka unaacha na viatu?

Mpiga kura anapoweka alama kwenye nembo, anachagua pia sera, na watu ambao hawamo kwenye karatasi: viti maalum vya bunge la kaunti hugawiwa vyama kulingana na viti vya wadi ambavyo kila chama kimeshinda. Kiti chako cha mgombea huru hakimwongezei mtu yeyote kiti maalum. Ndiyo maana chama kinapaswa kuwa na wanachama wa kweli, mchujo wa kweli na viongozi waliochaguliwa. Chama cha mkobani, kilichopo kwenye karatasi tu, hakina hata kimoja. Kina muhuri na dalali.

Na madalali hawa hawaishii kwenye kufuta majina. Uchaguzi ukikaribia huuza "tiketi ya moja kwa moja", yaani uteuzi wa chama bila mchujo. Mteja wangu mmoja aliinunua. Asubuhi ya kuwasilisha karatasi alikuta kwenye foleni watu wawili wenye vyeti vya chama hicho hicho, wadi hiyo hiyo, muhuri ule ule. Walipoulizana, kila mmoja alikuwa amelipa bei tofauti.