Balbu ya kawaida inatosha, ila ishushe karibu na majani

Swali ni kama balbu za nyumbani zinaweza kukuza mimea kwenye chumba kisichopata jua, au ni lazima ununue zile taa maalumu za mwanga wa zambarau. Zinaweza. Miche, mrihani na saladi zangu zote ziko chini ya balbu nyeupe za LED, na majani yanatoka mapana yenye afya.

Kinachowaangusha wengi ni umbali. Taa ya darini inakufanya uone chumba kinang'aa kwa sababu jicho hujirekebisha gizani. Jani halina uwezo huo. Jua la mchana mweupe hufikia laksi 100,000 hivi (laksi ni kipimo cha mwanga unaofika mahali), wakati chumba kinachokutosha kusomea kina laksi mia chache tu. Isitoshe, umbali kutoka kwenye balbu ukiwa maradufu, mwanga unaolifikia jani hubaki takriban robo. Kwa hiyo mimi huning'iniza balbu sentimita 15 hadi 20 juu ya majani, kisha naipandisha taratibu kadiri mimea inavyokua. Ukiona mche umerefuka, shina jembamba, umeinama upande mmoja, ujue unatafuta mwanga. Tafadhali usiukimbilie kwa mbolea wala maji, sogeza taa.

Hapo ndipo balbu za zamani za waya zinaposhindwa kabisa. Zaidi ya asilimia 90 ya umeme wake huishia kuwa joto: ukiziweka karibu zinababua majani, ukiziweka mbali mwanga hautoshi. LED ya wati 9 hutoa lumeni 800 hivi (kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye balbu), sawa na balbu ya waya ya wati 60, na joto lake ni dogo. Enajiseva ulizo nazo, zile balbu za mirija ya kioo iliyopindwa, zitumie tu, ila ziangalie zisivunjike maana zina zebaki, ambayo ni sumu.

Rangi isikuumize kichwa. Klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, hunyonya zaidi bluu na nyekundu, na LED nyeupe ina zote mbili. Kwa miche nachagua ya kelvini 6500 (kelvini ni namba ya rangi ya mwanga iliyoandikwa kwenye boksi), kwa sababu bluu nyingi huifanya iwe mifupi na minene. Ya 2700 ina nyekundu zaidi, nayo inakuza vizuri.

Kwa miche na saladi, washa saa 14 hadi 16 kwa siku, halafu zima. Wengine huwasha usiku kucha wakidhani wanaharakisha, kumbe mimea mingine, kama maua ya krisanthemumi, hungoja usiku mrefu ndipo itoe maua. Karatasi nyeupe pembeni pia inarudisha mwanga ambao ungepotelea ukutani.

Nyanya na pilipili ni habari nyingine. Kuotesha miche yake chini ya balbu moja, sawa kabisa. Lakini ukitaka matunda, andaa balbu kadhaa zenye nguvu kwa kila mmea, na hapo taa maalumu huwa na maana.